Aliposoma masomo tisa badala ya sita: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa uhandisi mjini Kampala

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vyumba vya ushauri nasaha vya vyuo vikuu nchini Uganda. Hakimhusu mtu mmoja mahususi, na alama zake zimepangwa ili msomaji aweze kuzikokotoa mwenyewe. Tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Mwanafunzi na hali yake

Kijana wa miaka 21, mwaka wa pili wa digrii ya uhandisi wa ujenzi, katika chuo kikuu cha serikali mjini Kampala. Amekulia katika kambi za jeshi. Baba yake ni sajini, na nyumbani kwao, kama kwa watoto wengi wa kambini, lugha ni Kiswahili. Mtihani wa Senior Six, wa mwisho wa sekondari, aliupita kwa pointi 17 kati ya 20, akawa wa kwanza shuleni kwake na wa kwanza katika ukoo kuingia chuo kikuu. Serikali inamlipia ada. Baba analipa hosteli na chakula.

Semista mbili za mwaka wa kwanza alipata wastani wa 2.9 kila moja kwenye mizani ya 5.0. Semista ya tatu ikamwangusha. Kati ya masomo sita alifeli matatu: hesabu za uhandisi (35), mekanika ya vimiminika (38) na nguvu za vifaa (31). Yote yako chini ya 40, na kwa kanuni za chuo chake alama ya chini ya 40 haipewi pointi. Matatu aliyofaulu yalimpa wastani wa 2.0. Kwa hiyo semista nzima ikawa 1.0, na wastani wa jumla 2.27. Bado alikuwa juu ya 2.0, mpaka ambao chini yake mwanafunzi huwekwa chini ya uangalizi na kukaribia kufutwa.

Alifika kwa mshauri wiki ya tano ya semista ya nne, akisindikizwa na mwenzake wa chumba. Mwenzake ndiye aliyesema: "Huyu ndugu halali. Na akilala, akiamka anakaa kitandani anaangalia ukuta mpaka saa tatu." Mwenyewe alijitetea: "Mimi sina ugonjwa, mshauri. Nina masomo tu."

Vipimo vilisema nini

Alijaza madodoso mawili. La kwanza ni PHQ-9, lenye maswali tisa ya dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, kwa wiki mbili zilizopita, kila swali 0 hadi 3, jumla 27. Alipata 17: kukosa hamu 2, huzuni 2, usingizi 3, uchovu 3, hamu ya chakula 1, kujiona ameshindwa 3, umakini 2, mwendo 0, mawazo ya kufa au kujidhuru 1. Alama 15 hadi 19 huhesabiwa sonona ya wastani iliyokaribia kuwa kali.

La pili ni dodoso fupi la ustahimilivu lenye kauli nane, lililotolewa mwaka 2009 na Angela Duckworth na Patrick Quinn. Kauli nne hupima juhudi, yaani kumaliza unachoanza na kutovunjwa moyo na vikwazo. Nne nyingine hupima kama mtu hudumu na shabaha ileile kwa muda mrefu. Upande wa juhudi alipata 4.25 kati ya 5. Upande wa shabaha, 3.00.

Hapa ndipo kisa kinapodai uangalifu. Mshauri anayesoma 4.25 na kuishia hapo atasema kijana ni imara, atampa moyo na kumrudisha hosteli. Tafiti nyingi za wanafunzi zinaonyesha kweli kwamba wenye ustahimilivu wa juu huripoti sonona kidogo zaidi, lakini nyingi zimepima mambo yote mawili siku moja, kwa karatasi moja. Mtu mwenye sonona hupoteza nguvu na umakini, na akiulizwa kama humaliza anachoanza atajibu hapana. Uhusiano unaoonekana unaweza kwenda upande wowote kati ya pande hizo mbili. Tena wastani wa kundi haumwelezi huyu aliyekaa mbele yako. Kwake juhudi ilikuwa juu na sonona ilikuwa juu, kwa wakati mmoja.

Mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake walijumlisha sampuli 88 zenye watu zaidi ya 66,000. Waligundua kwamba ustahimilivu kwa ujumla wake unakaribia kuwa kitu kimoja na tabia ya bidii na mpangilio iliyojulikana zamani, na kwamba sehemu ya juhudi ndiyo yenye uhusiano wa maana na matokeo ya masomo. Sehemu ya shabaha huchangia kidogo. Somo la vitendo ni kwamba pande mbili za dodoso zisomwe kando kando, kisha uulizwe swali ambalo dodoso halina: juhudi hiyo inakwenda wapi?

Swali la tisa kwanza

Kabla ya kugusa masomo, alama 1 kwenye swali la tisa ilishughulikiwa siku ileile. Mshauri aliuliza waziwazi, bila kuzunguka: Umewahi kufikiria kujiua? Umepanga namna? Una kitu cha kutumia? Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo. Kijana alijibu kwamba baadhi ya asubuhi hutamani asingeamka, ila hana mpango. Nchini Uganda swali hili lina uzito wa ziada, maana sheria ya makosa ya jinai inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtoto wa kambini anajua hilo. Ndiyo sababu usiri, na mipaka yake, ulielezwa kabla ya maswali.

Waliandika pamoja mpango wa usalama, nusu ukurasa kwa mkono wake mwenyewe: dalili zinazoonyesha hali inaharibika, anachoweza kufanya peke yake, mahali na watu wa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu wa kupigiwa, na jinsi ya kuondoa vitu vya hatari. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa mara nyingi. Kwake ilikuwa na vitu viwili vya kushikika: vidonge vya usingizi alivyonunua dukani bila karatasi ya daktari, na sumu ya panya iliyowekwa kwenye jiko la hosteli. Vidonge vilirudishwa hospitali ya chuo, sumu ikaondolewa na msimamizi.

Hospitali ilipima malaria na wingi wa damu. Vyote vilikuwa sawa. Aliulizwa pia kuhusu pombe, mairungi na kubeti, kwa sababu ada na pesa za hosteli zilizopotea kwenye kubeti huja zimevaa nguo za "masomo magumu". Kwake hakikuwapo hata kimoja. Vigezo vya kumpeleka kwa daktari wa akili viliandikwa mapema: alama kufika 20, mpango wowote wa kujiua, au alama kutoshuka kwa angalau 5 ndani ya wiki nne. Kampala ina Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Anayesoma mikoani huanzia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa.

Shajara ya saa 47

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kuandika kila saa ya kitabu: somo gani, na mkono unafanya nini. Jumla ilikuwa saa 47 nje ya darasa. Kati yake, 29 zilikuwa za kunakili na kurudia kusoma nukuu, 11 za kutazama video za watu wakikokotoa maswali, na 7 tu za kukokotoa mwenyewe kitabu kikiwa kimefungwa.

La pili lilishtua zaidi. Saa 18 zilikwenda kwa masomo matatu aliyofeli. Masomo hayo hayafundishwi semista hii. Nafasi ya kuyarudia ni semista ya kwanza ya mwaka wa tatu, miezi mingi mbele. Kila usiku, kuanzia saa tatu hadi saa tisa, alikuwa anabeba masomo tisa huku ratiba ikimdai sita. Alikuwa analala kwa muda wa saa nne tu na kula roleksi moja, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, jioni. Alipoulizwa kwa nini, alisema: "Nikiyaacha, nitakuwa nimekubali."

Kauli hiyo ndiyo ugonjwa ulipojificha. Saa zile 18 hazikuwa za kujifunza; zilikuwa za kukataa matokeo. Mwaka 2015 Gale Lucas na wenzake walionyesha kwamba watu wenye ustahimilivu mkubwa huendelea kushikilia kazi inayoshindikana hata pale kuendelea kunapowagharimu. Naye Carsten Wrosch na wenzake, mwaka 2003, walionyesha upande wa pili: watu wanaoweza kuliachia lengo lisilofikika, na wakashika jingine, huwa na hali njema zaidi ya nafsi. Hayo mawili huenda pamoja. Anayeachia bila kushika kitu kingine hubaki na utupu, na utupu kwa mtu mwenye alama 17 ni hatari.

Kwa hiyo masomo matatu yaliwekwa kando kwa maandishi, na tarehe ya kuanza kuyasoma tena ikatajwa: Jumatatu ya kwanza ya likizo ndefu. Bila tarehe, angeanza kuyasoma kwa siri baada ya siku tatu. Vitabu vilifungwa saa tano usiku, kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Mchana, sahani ya posho (ugali) na maharagwe kwa shilingi 3,000, iliyolipwa na pesa alizokuwa akimalizia kwenye fotokopi. Jioni mbili za wiki alirudi uwanjani kucheza mpira. Mpira haukusubiri aupende tena kwanza. Mwenye sonona hamu humrudia baada ya kutenda, na akingoja hamu atangoja sana.

Saa za kitabu zilishushwa hadi 30, lakini za kukokotoa mwenyewe zikapanda kutoka 7 hadi 16. Mpangilio: dakika 45 za maswali bila nukuu, dakika 10 za kusahihisha, kisha daftari la makosa lenye safu tatu, yaani kosa, chanzo, na hatua ya kesho. Swali lililokosewa hurudiwa siku ya 3, ya 7 na ya 14. Wiki mbili za kwanza mwanafunzi hujisikia mjinga kuliko alipokuwa akisoma nukuu, kwa sababu sasa anaona asichokijua. Aambiwe hivyo kabla, la sivyo ataacha.

Mtazamo, na karatasi ya mtihani

Maelezo ya mwanasaikolojia Carol Dweck kuhusu mtazamo wa kukua, yaani kuamini kwamba uwezo huongezeka kwa kujifunza, na mtazamo wa uwezo usiobadilika yanajulikana vyuoni, mara nyingi kama mabango ukutani. Nguvu yake iwekwe mahali pake. Uchambuzi wa Victoria Sisk na wenzake wa mwaka 2018 ulikuta mafunzo ya mtazamo yana athari ndogo sana kwa matokeo ya masomo, 0.08 tu ya kipimo cha mtawanyo wa alama (standard deviation). Utafiti mkubwa wa David Yeager na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha maelfu ya wanafunzi wa sekondari Marekani, uliwapandisha wale wenye alama za chini kwa takriban pointi 0.10 za wastani wao wa alama, kwa somo la mtandaoni lisilofika saa moja. Ni faida ya kweli kwa gharama ndogo. Haitibu sonona, na kumwambia kijana mwenye 17 "jiamini, unaweza" humwongezea hatia: kumbe hata kujiamini kunamshinda.

Njia iliyotumika ilikuwa ya karatasi. Aliomba rasmi kuiona karatasi yake ya mekanika ya vimiminika, akakaa nayo na mhadhiri msaidizi kwa nusu saa. Alikuwa ameingia akiamini "mimi si mtu wa hesabu." Alama 21 zilipotea kwenye maswali mawili ya mtiririko ndani ya bomba, ambako alitumia mlinganyo wa Bernoulli, unaounganisha kasi na shinikizo la kimiminika, kati ya nukta mbili bila kuhesabu nishati inayopotea kwa msuguano. Nyingine 9 ziliondoka kwenye kuchanganya milimita na mita. Katika maswali hayo hesabu yenyewe ilikuwa sahihi karibu kila mahali. "Mimi si mtu wa hesabu" haina pa kuanzia. "Nasahau upotevu wa nishati" ina maswali kumi ya kufanya kesho.

Simu kwa baba

Baba hakujua lolote. Kila Jumapili aliambiwa "masomo ni magumu tu, baba, lakini tunapambana." Kijana alikubali apigiwe wiki ya tatu ya vikao, yeye akiwapo chumbani, na walikubaliana kabla nini kisemwe na nini kisisemwe.

"Habari ya huko, mzee. Kijana wako yuko hapa nami, amekubali tuongee."

"Nzuri, daktari. Ameharibu nini?"

"Hajaharibu, mzee. Semista iliyopita alifeli masomo matatu, na tangu hapo amekuwa mgonjwa. Halali."

Baba alikaa kimya kidogo. "Avumilie. Mvumilivu hula mbivu. Sisi tumevumilia makubwa kuliko hayo."

"Amevumilia, mzee, ndiyo maana hukujua. Askari wako akiteguka mguu mazoezini, unafanya nini?"

"Anapumzishwa. Anapewa cheti."

"Huyu naye tunamwandikia cheti. Hajatoroka kazi."

"Mpe simu."

Simu hii ilifanya kazi kwa sababu haikumpinga baba katika jambo analolithamini. Washauri wengi hukosea hapa: huanza kumfundisha mzazi kwamba uvumilivu una madhara, na mzazi husikia kwamba malezi yake yametukanwa.

Hesabu iliyomfungua

Wiki ya tano ya vikao lilijitokeza lengo ambalo hakuwa amelitaja: daraja la kwanza. Katika chuo chake linaanzia 4.40. Mshauri hakubishana, waliketi na kikokotoo, wakichukulia masomo yote yana uzito sawa.

Akirudia masomo matatu na kupata 5.0 kila moja, semista ya tatu inakuwa 3.5. Ukijumlisha 2.9, 2.9 na 3.5 unapata 9.3. Semista tano zilizobaki, zote zikiwa 5.0, ni 25. Jumla 34.3, gawanya kwa 8: 4.29. Hata akifanya muujiza, 4.40 haifikiki.

Kijana alilia, na haikuharakishwa. Kisha wakakokotoa upande wa pili. Akiyapita yale matatu kwa 3.0, semista ya tatu inakuwa 2.5 na jumla 8.3. Daraja la pili la chini, linaloanzia 2.80, linahitaji wastani wa 2.82 kwa semista tano. Daraja la pili la juu, linaloanzia 3.60, linahitaji 4.1. Mwaka wa kwanza alipata 2.9 mara mbili akiwa analala. Kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke, alikuwa na namba anayoiweza.

Hesabu hii isifanywe mapema. Wiki ya kwanza, mtu akiwa kwenye 17 na akilala kwa muda wa saa nne tu, angeisikia kama hukumu. Ilisubiri hadi alama iliposhuka kufikia 11, wiki ya nne, ndipo ikawekwa mezani. Na ifanywe kwa kanuni halisi za chuo husika. Namna ya kuhesabu somo lililorudiwa hutofautiana.

Wiki hiyohiyo alijiunga na kikundi cha wanafunzi sita kinachokutana kila Jumatano kwa dakika 90. Uganda ina ushahidi wake katika hili: jaribio la Paul Bolton na wenzake, lililochapishwa mwaka 2003, lilitumia tiba ya vikundi inayolenga mahusiano kwa wiki 16 katika vijiji vya Masaka na Rakai, ikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, na sonona ilishuka kwa kiasi kikubwa. Kwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi na washauri wachache, kikundi ndicho chombo kinachowezekana.

Matokeo

Baada ya wiki nane za vikao PHQ-9 ilikuwa 8, swali la tisa 0. Dodoso la ustahimilivu: juhudi 4.00, shabaha 3.25. Juhudi ilishuka kidogo na afya ikapanda. Mabadiliko ya robo pointi hayatoshi kujengea hoja, lakini yanatosha kuonyesha kwamba kupona hakukupitia kuongeza ustahimilivu. Kulipitia usingizi, chakula, watu, na kubadili mahali juhudi inapokwenda.

Mitihani ya semista ya nne alipita masomo matano na kufeli moja kwa 46, alama inayopewa pointi lakini isiyofikia ya kufaulu. Wastani wa semista 2.7. Siku matokeo yalipotoka PHQ-9 yake ilikuwa 9. Alimpigia baba siku ileile, na ndani ya siku mbili alikuwa ameomba kuiona karatasi. Ukitaka kupima mtazamo wa mwanafunzi, angalia anachofanya katika saa 48 baada ya alama mbaya. Hapo dodoso halifiki. Namba ya daraja la pili la chini ilisogea kutoka 2.82 hadi 2.85 kwa semista nne zilizobaki.

Kinachobaki ni mwaka wa tatu. Semista ya kwanza ina masomo mapya sita, pamoja na matatu ya kurudia: tisa, safari hii kwa ratiba ya chuo. Njia iliyochaguliwa ni kumwandikia mkuu wa idara, kabla ya wiki ya usajili, kuomba masomo mapya mawili yasogezwe mbele, barua ya hospitali ya chuo ikiwa imeambatanishwa. Hilo linaweza kurefusha digrii na kugusa malipo ya serikali, kwa hiyo ofisi ya ufadhili iulizwe kwa maandishi kabla barua haijatumwa. Idara ikikataa, mbadala ni kuahirisha semista, na baba ameshaelezwa uwezekano huo. PHQ-9 itajazwa tena wiki ya 3, ya 8 na ya 14. Ya 14 ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu mtihani wa vimiminika uko mlangoni na saa tisa ya usiku itaanza kumwita tena.